Hotuba ya Kumteremsha Twaha Kutoka Angani

Kabla sijawataja waheshimiwa naanza kujitaja mwenyewe, maana mtu asiyejitaja hutajwa na maadui zake. Mie ni Mwinshehe bin Pazi, Mwenyekiti wa Mtaa wa Bondeni Juu, hapa Vingunguti, mwenye miaka sabini na sita ninayoijua na mingine ambayo marehemu mama aliisahau, niliyeizika ndui, nikaizika njaa ya makopa, nikamsindikiza Mwingereza kwa macho mpaka akapanda meli yake, nikazika wake wawili na wenyeviti watatu walionitangulia kwenye kiti hiki, nikapita foleni ya sukari, foleni ya sabuni na foleni ya kuulizia foleni iko wapi, hadi leo tumefika kwenye soko huria ambapo kila kitu kipo dukani na foleni imehamia mfukoni. (Kicheko.) Cheka tu, Khalfani, wewe ulikuwaga nyuma yangu kwenye zote.

Baada ya mie, itifaki. Mheshimiwa Diwani, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo. Ndugu Mtendaji wa Kata, ambaye naye hayupo ila ametuma salamu kwamba atatuma salamu. Wajumbe wa serikali ya mtaa. Makatibu wa vyama vyote, kile cha zamani na hivi vipya ambavyo wanachama wake wote wanaenea benchi moja. Uongozi wa machinjio. Wachinjaji, wachunaji, wabeba nyama, wauza utumbo, wapika supu na wanywa supu. Masheikh, na katekista Anselmo kutoka kule ng'ambo ya reli. Bwana Jonas, mwenye televisheni. Mzee mwenzangu Khalfani, mpinzani wangu wa kudumu tangu kabla ya vyama vingi. Na mgeni wetu wa heshima, Bi Munira binti Kibwana, mkwe wetu mtarajiwa, ambaye leo ni mkubwa kuliko wote niliowataja, ndiyo maana nimemtaja mwisho na kumpa kiti pekee chenye mgongo. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa itajizingatia yenyewe. (Makofi.)

Ndugu wananchi, tumekusanyika hapa kiwanjani, nyuma ya machinjio, penye inzi wa kutosha na kivuli kidogo, kwa ajili ya hafla fupi, ambayo itakuwa ndefu kiasi, ya kufunga rasmi Awamu ya Kwanza ya Mradi wa Utafiti wa Mwili wa Mwanadamu Angani, kwa kifupi MUMWA, mradi ambao mie ndiye mwasisi, mratibu, mkurugenzi mtendaji na mtunza ufunguo. Mhusika mkuu ni huyu aliyekaa mkekani, aliyejifunika shuka miguuni, Twaha, mtoto wa marehemu dada yangu, mbeba nyama wa machinjio haya, ambaye miezi miwili tu iliyopita alikuwa anaweka paja zima la ng'ombe begani huku anapiga mluzi, na leo kumfikisha hapa tumemshika makwapa watu wawili. Mhusika wa pili hayupo kwa sababu ya heshima. Huyo ni Naima, binti ya Bi Munira, mchumba wa Twaha, ambaye harusi yake ilishapangwa, wapiga ngoma walishaambiwa, na mama yake ameisimamisha tangu alipoiona miguu ya mkwewe mtarajiwa. Bi Munira amesema atatoa neno lake leo, hapahapa, nikimaliza kusema. Kwa hiyo hotuba hii sio ya kupitishia muda. Mpwa wangu atapata mke au atakosa, kutegemea na mie nitakavyoeleza sayansi. (Minong'ono. Sauti: "Basi kazi ipo.") Ipo, na mwenye kazi nipo.

Tuanze na bakgraundi, maana mradi usio na bakgraundi ni supu isiyo na mfupa. Mnakumbuka jioni ile kwa Jonas, televisheni ilipokuwa ngeni, tumekaa mpaka dirishani. Ikaonyeshwa chombo cha chuma kimeungua ungua kimeanguka mbugani, wakafungua mlango, akatolewa mtu. Mtu mwenyewe anacheka, anapunga mkono, lakini amebebwa kwenye kiti na kufunikwa blanketi kama mzazi anayetoka wodini. Nikamuuliza Jonas, ambaye Kiingereza chake alikichuma kwenye hoteli za Kunduchi, huyu kavunjika wapi? Jonas akasema hajavunjika popote, alikaa angani miezi, miguu imesahau kazi. Kisha wakaonyeshwa wengine, hao hawajakwenda kokote, wamelazwa kitandani kichwa chini miguu juu, wiki hata wiki, wanakula humohumo, kwa sababu wataalamu wa huko wamegundua kwamba mtu akilala hivyo mwili wake unadhani uko angani. Hapo nikasimama mbele ya televisheni. Vijana wakasema Mzee kaa, tunataka kuona. Nikawaambia hamna cha kuona tena, nyie sasa ndio mtaonwa. Kitanda tunacho, matofali tunayo, na watu wa kulala tunao kuliko taifa lolote. (Kicheko, makofi.)

Na hili naliweka wazi ili lisije likaibwa na mitaa jirani. Nani hapa asiyeinua kitanda chake kwa matofali apate mahali pa kusukumia masanduku? Hata Khalfani kainua. Teknolojia ya anga tulikuwa nayo uvunguni miaka yote. Kosa letu lilikuwa moja tu, tulikuwa tunainua miguu yote minne ya kitanda. Mie nikaondoa matofali ya upande wa kichwa. (Makofi marefu.) Nilipotangaza MUMWA hapa kiwanjani na kuomba mtu wa kujitolea, walijificha vidume wote, akajitokeza Twaha, kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko wote na alitaka awe wa kwanza kwa jambo fulani kabla hajaoa.

Sasa sayansi. Dunia hii, ndugu zangu, inavuta. Hamuioni ikivuta kwa sababu mmezaliwa inavuta. Inamvuta ng'ombe, inamvuta Mwenyekiti, inawavuta na nyie hapo kwenye mabenchi, na mwili wako tangu asubuhi uko katika ubishi na dunia, yenyewe inasema lala, wewe unasema simama. Huko angani, kwenye vyombo vyao, ubishi huo haupo. Hakuna chini. Ukiachia kikombe hakianguki, kinakukodolea macho. Wataalamu wanaita hali hiyo mikrograviti, na nawaomba mlizoee neno hili kwa kuwa litakuwa linatumika sana katika vikao vyetu vya maji taka. Sasa mwili usiobishana na dunia unapata matatizo ya kiutawala, na nitayaeleza kadiri ya muda wangu, ambao ni wote.

Kwanza ni damu. Damu hapa duniani imezoea kuteremka miguuni kama maji ya masika yanavyoteremka kwetu Bondeni, na moyo kazi yake ni kuirudisha juu. Kule angani hakuna bonde. Damu na maji ya mwili vinapanda kifuani, vinapanda shingoni, vinajaa usoni. Ndiyo maana mwanaanga uso unamvimba kama andazi lililoumuka, pua inaziba kana kwamba ana mafua ya kudumu, na chakula chote kinakosa ladha. Twaha wiki ya kwanza tulimpa wali na samaki, akasema anatafuna karatasi. Akaomba pilipili. Tukampa pilipili mbuzi, akala kama anatafuna karanga. Na hao wa kwenye televisheni, Jonas shahidi, nao wanalilia pilipili hukohuko juu. (Jonas: "Kweli, Mzee.") Basi mnaona, Twaha na yule mzungu hawajaonana hata siku moja na wameomba kitoweo kimoja. Hiyo inaitwa data.

Pili ni nyama na mifupa. Hapa naomba mnitazame mkononi. Huu ni mfupa wa paja, nimeuchukua machinjio asubuhi kwa ruhusa. Mnadhani mfupa ni jiwe. Mfupa sio jiwe, ndugu zangu, mfupa ni mtumishi. Na mwili wa binadamu ni kama mashirika yetu ya umma yanavyokwenda siku hizi, ukiona mtumishi hana kazi, unampunguza. (Kicheko. Sauti: "Usituguse, Mzee!") Sikugusi, nakueleza mwili wako. Mguu usiobeba mzigo, mwili unakaa kikao unasema huyu wa nini? Nyama ya paja inapunguzwa. Ya kigimbi inapunguzwa. Chokaa ya kwenye mfupa inatolewa kidogo kidogo inakwenda na mkojo, mfupa unabaki kwa nje uleule lakini ndani unaanza kuwa mwepesi kama muwa uliokauka. Moyo nao, ambao hausukumi tena kitu kupanda mlima, unazembea. Kwa takwimu zangu mwenyewe Twaha amepunguza kigimbi kwa asilimia mia moja na kumi, na takwimu hizo nimezipata kwa kumshika.

Tatu ni urefu. Uti wa mgongo ni pingili zimepangwa, na hapa dunia inazikandamiza kama mizigo juu ya lori. Kule zinaachana, mtu anarefuka. Twaha alipolala alikuwa anaenea kitandani. Kabla hatujamaliza, visigino vilikuwa vimetoka nje. (Khalfani: "Alikuwa anateleza, Mwinshehe, umemwinamisha kama mtumbwi.") Aliteleza kwa kiwango kinachokubalika. Nne ni jua. Chombo chao kinaizunguka dunia mbio kiasi kwamba katika siku yetu moja wanaona jua likichomoza mara kumi na sita na kuzama mara kumi na sita, mwili haujui ulale saa ngapi. Najua mnachotaka kuuliza. Khalfani ameshaniuliza mara tatu mtu atafuturu mara ngapi, na nimemjibu kwamba suala hilo limekabidhiwa kamati ndogo ya masheikh, naye asitafute sababu ya kupanda chombo. (Kicheko kirefu.) Na tano ni mizani ya kichwa. Humu masikioni kuna kitu kama kile cha fundi ujenzi cha kutazama usawa. Angani kinachanganyikiwa. Mtu anatapika mwanzoni, na akirudi duniani anasimama anaona ardhi inamkimbia. Twaha tulipomwinua siku ya kwanza alisimama kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, miguu minne asiyokuwa nayo ikatafuta pa kukanyaga, akanikumbatia mie, tukaenda chini wote, Mwenyekiti na mradi.

Hapo katikati ndipo ilipotokea ile changamoto ya kiutendaji ambayo wenye midomo wameiita fedheha. Nitaieleza mbele ya mwenyewe. Wazungu kwenye televisheni hawakututahadharisha na majirani, kwa sababu kwao mtu analala mwezi na wa chumba cha pili hajui. Sie hapa mtu akipotea siku mbili watu wanakuja kumjulia hali. Wakaja. Wakaleta uji, wakaleta machungwa, wakamsomea dua. Na kila akiingia mtu mzima Twaha anataka kuinuka aseme shikamoo kama alivyolelewa, mie namkandamiza kifuani, namwambia lala, wewe uko angani. Siku moja nimetoka kidogo kwenda kusuluhisha ugomvi wa karo la maji machafu, na ndiyo siku aliyokuja Bi Munira na bakuli lake la uji wa mtama. Chumba cha Twaha mlango unatazamana na mwisho wa kitanda. Mama wa watu akafunua pazia la mlango. Akakutana na nini? Nyayo. Nyayo mbili za mkwewe, zimepandishwa juu ya matofali, zinamtazama usoni. Mkwe ambaye desturi inamtaka akikuona njiani apite pembeni na hata kikohozi akimeze! (Minong'ono ya akina mama.) Na Twaha aliyelishwa yamini na mjomba wake kwamba asiinuke, hakuinuka. Akatoa shikamoo kutoka upande wa pili, kwa chinichini, kama mtu aliye kisimani. Bi Munira akajitanda kanga mpaka machoni, akaliweka bakuli kizingitini, akaondoka kinyumenyume. Hilo la nyayo nilikwenda kuliombea radhi kwa magoti yangu mawili ya miaka sabini na sita, naye kwa ungwana wake akalisamehe.

Lisilosamehewa ni miguu. Tulipomtoa kitandani tukampeleka akamsalimie mkwe kwa adabu, huku tumemshika, upepo wa pale kwenye kona ya machinjio ukapandisha shuka. Bi Munira akaona. Na nyuma ya Bi Munira mtaa mzima ukaona. Kabla ya adhuhuri maneno yalikuwa yameshafika Kimara, kwamba mbeba nyama wa Vingunguti kakonda miguu, uso umemvimba, anashikwa makwapa, basi kakanyaga miwaya, ana ule ugonjwa wa siku hizi. Nasema hili kwa sauti kwa sababu mmelisema kwa kunong'ona. Mwenye ugonjwa ule ni mtu wetu, tutamuuguza na tutamheshimu, na mtaa huu umeshawauguza. Ila Twaha ameumwa na mjomba wake tu.

Sasa nije kwenye mafanikio na mwelekeo. Mafanikio ya Awamu ya Kwanza ni makubwa mno kwa mkutano wa kiwanja kimoja. Awamu ya Pili, wafadhili wetu wa ng'ambo wakishakamilisha taratibu zao, itajumuisha ujenzi wa kituo cha kisasa hapahapa tulipo, chenye vitanda hamsini vya kuinama, maabara ya mifupa itakayopata malighafi moja kwa moja kutoka machinjio, semina, warsha na kongamano, ajira kwa vijana wote wanaoweza kulala na hata wasioweza watafundishwa, na lami kutoka barabara kuu mpaka kwangu. Na kwenye kilele cha Awamu ya Pili, ndugu wananchi, wakati wenzetu wanabinafsisha viwanda sie tutakuwa tunabinafsisha mawingu, maana huyu Twaha mnayemwona, Twaha huyuhuyu, atafungwa mkanda, atawekwa ndani ya roketi, na atarushwa juu, awe Mzaramo wa kwanza kuiona Vingunguti kwa nyuma! (Vifijo. Vijana wanaimba jina la Twaha. Bi Munira anasimama.)

Naam, Bi Munira. Makofi yapungue. Nimesema yapungue, mama anasema.

(Bi Munira: "Mzee Mwinshehe, nimekusikiliza vizuri. Kama huo mradi upo, mwanangu simwozi mtu wa kurushwa juu, akae eda mume yuko hai anazunguka kichwani kwake. Na kama mradi haupo, basi miguu ile imekondeshwa na nini? Chagua moja.")

(Mwenyekiti anakunywa maji.)

Swali la mgeni wa heshima ni zuri, limepokelewa, na litafanyiwa kazi na ngazi husika. (Bi Munira hakai.) Hukai. Basi nami sikai. Mpwa wangu ananitazama hapo chini kwa macho ya dada yangu, na dada yangu alikuwa akinitazama hivyo nasema haraka. Nitachagua, mkwe wangu. Ila kwanza nipe ruhusa tumalize la miguu, la roketi lifuate, kwa kuwa miguu iko karibu zaidi.

Sie wa pwani hii, tangu kabla ya machinjio, kabla ya lami, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Ya mle ndani siyajui, ni ya makungwi, na mwanamume anayejifanya anayajua ni mwongo. Lakini ya nje tuliyaona. Mwali alikaa ndani miezi, wengine mwaka, wengine zaidi. Hachoti maji, hatwangi, hatoki juani, muda mwingi ni kukaa na kulala. Siku ya kutolewa uso umejaa, mashavu yamevimba, ngozi imetakata. Na miguu? Akina mama watu wazima, nisaidieni. (Sauti za wanawake: "Vijiti!") Vijiti. Miguu haimpeleki mwali hadi uwanjani, na ndiyo maana wanambeba mabegani. Watoto wa siku hizi wanadhani ni madoido ya ngoma. Mtaalamu gani alimwambia bibi yako kwamba nyama isiyobeba mzigo inayeyuka? Hakuambiwa na mtu. Alitoa bega tu, akambeba mwali.

Bi Munira, wewe ulitolewa Buguruni, mwaka ule wa mvua kubwa, na ngoma iliyokutoa niliipiga mie, mkono huu. Ulibebwa na mjomba wako. Uso wako ulikuwa mwezi kamili, na miguu yako ilining'inia kwenye kifua chake kama mikia ya ukili. Kuna mtu alisema Munira ni mgonjwa? Kuna mtu aliyerudisha posa? Waposaji walisukumana hadi ua ukavunjika upande, na hao wauguzi wa midomo wa leo baba zao walikuwemo. Na kabla mahindi hayajakomaa ulikuwa unachota maji na mtungi kichwani, hushiki. (Vigelegele. Bi Munira anafunika mdomo kwa kanga.) Basi yule mzungu wa kwenye televisheni ni mwali katoka ndani, ila ndani kwake kulikuwa juu. Na Twaha ni mwali katoka ndani. Tofauti yake ni kwamba sie hatukumpigia ngoma, tulimpigia umbeya. Mwili huohuo uliopunguza watumishi, ukipewa kazi unaajiri upya. Jana kabeba ndoo ndogo, leo asubuhi kabeba kubwa, kaimwaga nusu, lakini nusu imefika.

(Bi Munira: "La miguu nimekuelewa. Sasa la roketi.")

La roketi ni la mwisho, na kwa kuwa ni la mwisho naomba tulitangulizie kauli mbiu kama zilivyopitishwa na kamati ya maandalizi, ambayo ni mie. Nikisema Vingunguti, semeni angani. Vingunguti! (Angani!) Kigimbi cha Twaha! (Kirudi kazini!) Nikisema matofali, semeni mawili. Matofali! (Mawili!) Mvuto wa dunia! (Sauti zimegawanyika: "Udumu!" "Hoyee!") Udumu ndiyo sahihi.

Na sasa shukrani. Kwa niaba yangu mwenyewe napenda kuwashukuru kwa dhati wafadhili wetu wa ng'ambo, ambao hawajaja, hawajapiga simu, na sidhani kama wanajua Vingunguti iko upande gani wa Buguruni. Naishukuru wizara, ambayo nilifika mlangoni nikaulizwa natafuta wizara ipi, nikasema hiyohiyo inayohusika, nikaoneshwa benchi, na benchi lile nalishukuru pia. Namshukuru fundi wa roketi, ambaye nadhani bado hajazaliwa. Nawashukuru watumishi wote wa MUMWA, madereva, makarani na wahasibu, kwa uadilifu wao mkubwa wa kutokuwepo. (Kicheko kinaanza, kinaenea.) Mheshimiwa Diwani asilaumiwe kwa kutokuja, hakualikwa, angeuliza usajili. Ndiyo, Bi Munira, simama vizuri unisikie. Twaha haendi juu. Hapana roketi, hapana Awamu ya Pili, na ile ya Kwanza ilikuwa ni kitanda cha kamba, matofali mawili na mjomba wake. Mradi haupo, haujawahi kuwepo hata siku moja, nilijua ukianza kazi mradi wenyewe utakuja nyuma.

Msinicheke sana. Miaka hii nimeona miradi ina ofisi, ina gari lenye bendera, ina mashine ya kuandikia, ina mkurugenzi na chai ya saa nne, kilichokosekana ni kazi. Mie kazi nimeifanya mwanzo hadi mwisho, na matokeo yamekaa mkekani mbele yenu. Kilichokosekana ni mradi tu. Nipeni nchi ambayo mradi usiokuwepo umeendeshwa kwa ufanisi kama huu, niende nikawafundishe. (Makofi, kicheko, meza zinagongwa.)

(Bi Munira anakaa. Anasubiri kelele zitulie. "Harusi ipo," anasema. "Ila aje kwangu kwa miguu yake mwenyewe, asibebwe na mtu." Vigelegele. Twaha anaweka mikono mkekani, anainuka peke yake, anayumba, anasimama. Hashikwi.)

Mmeona. Muacheni hivyohivyo, msimguse, dunia inamjua. Ahsanteni sana kwa kuja kufunga mradi ambao hakuna aliyeufungua. Na mtu yeyote kutoka mtaa wowote atakayesikia habari hii akasema Mwinshehe kazidisha, basi aende kwa Jonas akaiulize televisheni. Akitoka hapo aende kwa Khalfani, ambaye hajanisifu tangu enzi za Mwingereza, kwa hiyo akisema ni kweli hana faida nayo. Na akiendelea kubisha amuulize Bi Munira binti Kibwana, aliyekuja hapa kuivunja harusi, na sasa hivi, mnaona wenyewe, ananiita pembeni kwa kidole aniulize pilau itapikiwa upande wa nani.